Kuwa wakili na mama wa watoto wadogo Tanga: hatua ninazozifuata

Kazi ya uwakili inakwenda kwa tarehe, na mtoto mdogo hajui tarehe. Homa inapanda saa nane za usiku wa kuamkia siku ya kusikilizwa. Jino linaota wiki ya kuandika sababu za rufaa. Dada wa kazi anapata msiba kwao Handeni siku ambayo shahidi wako wa pekee keshapanda basi Dar es Salaam kuja kutoa ushahidi. Ninaandika haya kwa mawakili, mahakimu na wanasheria wa serikali wenye watoto wadogo, mama kwa baba, kwa sababu nawajua wenzangu wanaofikiria kuacha kazi kabisa. Usiache kwanza.

Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miezi minane alishikwa na homa kali, tukalala hospitali. Simu ikazima usiku ule ule. Asubuhi nilikuwa na shauri la ardhi la mzee mmoja wa Muheza, na mzee nilishamwambia asijisumbue kuja, nikidhani linatajwa tu, yaani linapangiwa tarehe nyingine. Kumbe lilipangwa kusikilizwa. Likaitwa, hakuna mdai wala wakili, likafutwa. Tuliomba lirudishwe ndani ya siku 30, nikaapa kiapo, nikaambatisha karatasi za hospitali, na likarudi. Lakini mzee alipoteza miezi mitano kwa kosa ambalo si lake. Nilipompigia kumweleza, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, mtoto kapona?" Sijalisahau mpaka leo.

Siku ile sikupungukiwa bidii. Nilikosa mtu wa pili: mtu mmoja anayelijua jalada lile kama ninavyolijua mimi, au mtu mmoja wa kukaa na mtoto hospitali saa mbili tu niende mahakamani nirudi. Hatua zote zilizo hapa chini ni namna ya kumpata mtu huyo, kumwandaa na kumtendea haki.

Hatua ya 1: Kabla ya kujifungua, kabidhi majalada kwa maandishi

Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakutaka umjulishe mwajiri walau miezi mitatu kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Unaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Likizo ni siku 84 zenye malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Kabla ya wiki sita tangu kujifungua huruhusiwi kurudi kazini mpaka daktari aseme unaweza. Hili la wiki sita nawasihi wenzangu walichukulie kwa uzito. Nimewaona mawakili wakirudi kortini mshono haujapona, kwa kuogopa tu wateja watahama.

Ukiwa wakili wa kujitegemea, hizo siku 84 huna wa kumdai. Mimi kwa mtoto wa pili nilianza kuweka akiba mimba ilipotimiza miezi mitatu, nikihesabu vitu vitatu: kodi ya ofisi, mshahara wa karani wangu na mshahara wa dada, kwa miezi minne. Fedha ile ndiyo iliyonipa usingizi.

Halafu kaa na majalada yako yote, moja moja. Kwa kila jalada andika ukurasa mmoja: mahakama na namba ya shauri, tarehe ijayo na linakuja kwa ajili ya nini, amri ya mwisho ilisemaje, kilichobaki kufanywa na mwisho wake lini, namba ya mteja, na ada iliyobaki. Ukurasa huo ueleweke hata na wakili ambaye hajawahi kulisikia shauri hilo. Kisha mpigie kila mteja mwenyewe, umwambie ni nani atasimama badala yako. Wengine wataondoka na shauri lao. Waache waende kwa heshima. Wawili wa kwangu walirudi.

Hatua ya 2: Panga maziwa kama unavyopanga ushahidi

Siku 84 ni wiki kumi na mbili. Wahudumu wa afya wanatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, kwa hiyo unarudi kazini ukiwa nusu ya njia. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sheria ile ile, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kunyonyesha saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Waajiri wengi hawaisemi, na sisi wanasheria ambao tunawadai haki wenzetu tunaona haya kudai yetu. Iandike kwenye barua yako ya kurudi kazini, na useme utazitumia vipi, mfano kuanzia saa sita hadi saa nane mchana.

Tanga hapa tuna neema ambayo wenzetu wa Dar es Salaam hawana. Mji ni mdogo na hauna foleni ya kukwamisha mtu. Kutoka mjini kwenda Makorora, Chumbageni au Nguvumali kwa bajaji ni dakika chache tu. Nilikwenda nyumbani mchana, nikanyonyesha, nikala, nikarudi. Mwenzangu anayekaa Pongwe hakuweza, kwa hiyo dada alimleta mtoto ofisini saa sita kila siku, na chumba cha nyuma kilichokuwa cha majalada ya zamani kikawekewa mkeka na feni.

Siku za kusikilizwa ni za kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa yakikaa nje kwenye ubaridi wa kawaida yanahimili takriban saa nne, lakini joto letu la Januari na Februari si la kawaida. Usiyaache mezani. Beba boksi dogo lenye barafu, na ukifika nyumbani yaingie kwenye friji, yatumike ndani ya siku nne. Andika tarehe kwenye kila chupa.

Mahakamani, fika mapema umwone karani. Mwambie una mtoto mchanga na unaomba chumba cha kukamulia kwa dakika ishirini. Shauri likiitwa, simama useme wazi: "Mheshimiwa, nina mtoto anayenyonya, naomba tukifika saa sita tupumzike." Mwambie na wakili msomi wa upande wa pili kabla hamjaingia. Mara nyingi nimekuta yeye ndiye anayenikumbusha muda ukifika.

Hatua ya 3: Kalenda moja, na siku zako ziwe fupi kuliko za sheria

Usiwe na daftari la mahakama ofisini na kadi ya kliniki kwenye droo nyumbani. Vyote viwe mahali pamoja. Kwangu ni kalenda kubwa ya ukutani jikoni, na nakala yake ofisini kwa karani. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, za miezi 9 na miezi 18, zinaingia siku mtoto anapozaliwa, kwa kalamu nyekundu. Nikiulizwa mahakamani "wakili, tarehe hiyo ikoje kwako?" naangalia picha ya kalenda ile kwenye simu kabla ya kujibu. Nikikuta kliniki, nasema sina nafasi. Hakuna anayekulazimisha ueleze kwa nini.

Kisha punguza siku. Maelezo ya utetezi yanataka siku 21 tangu mdaiwa alipopokea wito. Kwangu ni 14. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30. Kwangu ni 10. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwangu ni 20. Siku zile zinazobaki si za kazi. Ni za mtoto kuumwa. Tangu nianze kuhesabu hivi, mtoto akiugua sigawanyiki moyo, kwa sababu kilicho mezani bado kina wiki nzima mbele yake.

Hatua ya 4: Tafuta wakili mmoja mshikiane mashauri

Mmoja, au wawili. Wasiwe kumi. Ukiwa na kumi, utakuwa unampigia aliye karibu saa mbili na nusu asubuhi na kumwambia "niombee tarehe tu." Wakili wa namna hiyo akisimama mbele ya jaji hajui kitu, na majaji wetu siku hizi hawapendi kuahirisha: Mahakama imejiwekea shauri la Mahakama Kuu liishe ndani ya miezi 24, la Mahakama ya Hakimu Mkazi au ya Wilaya miezi 12, na la Mahakama ya Mwanzo miezi 6. Ahirisho la uzembe linaweza kumgharimu mteja wako.

Mimi na mwenzangu tuna watoto wa umri mmoja. Kila Ijumaa alasiri tunakaa nusu saa, tunapitishana mashauri ya wiki inayokuja. Ananieleza yake, namweleza yangu, na kila mmoja anaondoka na zile kurasa za jalada. Mteja anajua tangu siku ya kwanza kwamba mawakili wake ni wawili. Tumeiweka kwenye makubaliano ya ada anayosaini. Na tumekubaliana malipo. Akisimama kwangu siku ya kusikilizwa anapata fungu lake la ada ya siku hiyo, hata kama ni rafiki yangu wa chuo. Urafiki bila malipo unachosha upesi.

Ukilazwa na mtoto, omba karatasi ya daktari siku hiyo hiyo. Kiapo kinachosema "mtoto wangu aliumwa" bila kiambatisho ni kiapo dhaifu, nawe unajua ungekishambulia vipi kama kingeletwa na mpinzani.

Hatua ya 5: Dada wa kazi ni mwajiriwa

Hapa nitasema jambo linaloniuma. Tunasimama mbele ya Tume kuwatetea wafanyakazi wa viwanda na mashamba ya mkonge, na nyumbani tumemweka binti anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tano usiku, hana mkataba, hana siku ya kupumzika. Kisha anapoondoka ghafla tunasema madada wa siku hizi hawafai.

Andika mkataba, kwa Kiswahili, msome pamoja. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo, likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Zaidi ya hapo, lipa saa za ziada. Usimchukue mtoto aje alee mtoto: sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na mimi nimeweka mpaka wangu kwenye 18. Dada wetu wa sasa, binti wa kutoka Korogwe, yuko nasi mwaka wa nne. Jumapili ni yake. Likizo yake tunaijua tangu Januari, na iko kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu ya kijani.

Mwandikie ukurasa mmoja kama ule wa jalada, ubandike karibu na friji: namba yangu, ya baba yao, ya bibi, ya jirani, ya bodaboda tunayemwamini, kadi ya kliniki ilipo, dawa ya homa na kipimo alichoandika daktari, dalili za kumpeleka mtoto hospitali ya Bombo bila kunisubiri nijibu simu, yaani degedege, kupumua kwa shida, kukataa kunyonya, kulegea. Weka na fedha ya nauli na dawa kwenye bahasha hapo hapo. Nikiwa mahakamani nahoji shahidi, simu yangu imezimwa. Lazima awe na uwezo wa kuamua.

Baada ya dada anafuata jirani. Mitaa ya Tanga bado ina watu wanaokaa barazani jioni, na mama wa nyumba ya pili anajua mwanangu katoka madrasa saa ngapi kabla sijajua mimi. Lakini ujirani nao una haki zake. Jumamosi watoto wake wanashinda kwangu, na msiba ukitokea kwake sitoi rambirambi kwa simu.

Hatua ya 6: Baba ana zamu

Mume wangu anafanya kazi bandarini. Jumanne na Alhamisi asubuhi ni zake: kuamsha, kuogesha, uji, kupeleka chekechea. Siku hizo napanga mashauri ya kusikilizwa. Sheria inampa baba siku tatu za likizo mtoto akizaliwa, zichukuliwe ndani ya siku saba, na naziona ni chache mno. Basi akiba ya likizo yake ya mwaka tuliipeleka huko. Usimrekebishe mbele ya watoto kwa sababu kamvisha mtoto soksi zisizofanana.

Hatua ya 7: Safari

Korogwe ni kama kilomita mia moja. Lushoto ni mbali zaidi, na kutoka Mombo ni mlima. Waombe mahakimu wa mahakama moja wakupangie mashauri yako siku moja au siku mbili mfululizo. Ukieleza kwamba unatoka Tanga mjini, wengi wanakubali, na safari nne kwa mwezi zinakuwa moja. Maombi madogo yanayobishaniwa hoja za sheria tu, omba yaende kwa maandishi. Ila kumbuka kutowasilisha hoja za maandishi kwa tarehe uliyopewa ni sawa na kutofika siku ya kusikilizwa. Na tangu kanuni za mwaka 2021, shauri linaweza kusikilizwa kwa mahakama mtandao. Omba mapema, usiombe asubuhi ya siku yenyewe.

Mtoto anayenyonya nilisafiri naye pamoja na mama yangu. Tulifika Lushoto mara mbili hivyo, na baridi ya kule mpe mtoto kofia na soksi.

Hatua ya 8: Jioni ifungwe

Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku simjibu mteja. Ni saa ya kuoga, kula, kusikiliza nani kampiga nani shuleni. Wateja wangu wanaambiwa tangu mwanzo, na anayepewa ruhusa ya kuvunja ni yule ambaye ndugu yake kakamatwa na polisi.

Wakilala, kuna saa mbili nzuri za kazi. Kanuni za kufungua mashauri kwa mtandao za mwaka 2018 zinahesabu waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku kuwa umefunguliwa siku hiyo. Imenisaidia sana. Lakini nimejiwekea mwisho wa saa nne, kwa kuwa umeme hukatika, mtandao huzidiwa, na ada nayo inataka kulipwa. Hati halisi za watu, hasa hati miliki, hazilali nyumbani kwangu. Nakala zinazokuja zinakaa kwenye kabati lenye ufunguo, kwa ajili ya siri ya mteja na kwa ajili ya kalamu za rangi za mwanangu wa pili.

Hatua ya 9: Shusha mzigo kabla ya kufungua mlango

Hili sikufundishwa na mtu. Ulinzi wa watoto, ubakaji, talaka zenye kugombania malezi: kesi hizi zinaingia mwilini tofauti ukiwa mzazi. Niliwahi kumtayarisha kutoa ushahidi mtoto wa miaka sita, umri wa mwanangu wakati ule, na jioni nilipokuwa nawaogesha wangu mikono ilitetemeka nikamwita baba yao amalizie.

Sasa siku za kesi hizo naenda Raskazone kwanza. Nakaa dakika kumi na tano naangalia maji, navua suti ya mahakama kichwani kabla ya kuivua mwilini. Ninazungumza na mwenzangu tunayeshikiana mashauri, kwa kuwa yeye yumo ndani ya siri ya jalada. Nyumbani nasema tu "leo ilikuwa nzito," na wanajua waniache kidogo. Na kipindi nilichokuwa nanyonyesha sikupokea kesi za namna hiyo kabisa. Niliwapeleka wateja kwa mawakili wengine wazuri. Ukiona huwezi kwa mwaka mmoja, kataa bila aibu.

Hatua ya 10: Desemba

Mahakama Kuu inakwenda likizo kuanzia tarehe 15 Desemba mpaka 31 Januari. Shule nazo zinafungwa Desemba. Mahakama za chini zinaendelea, na siku za kufungua nyaraka zinaendelea kuhesabiwa kama kawaida, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Desemba napitia kila jalada na kumaliza chochote chenye mwisho kabla ya Februari. Kuhuisha leseni ya uwakili na ada za shule vinakuja pamoja Januari. Fedha zake natenga kuanzia Oktoba.

Tarehe 15 asubuhi nampa mwenzangu kurasa za majalada yanayoendelea mahakama za chini. Anashika wiki mbili za mwanzo, nami nashika mbili zinazofuata yeye akiwa kwao Pangani. Kisha nakwenda nyumbani mchana kweupe, dada anafunga begi lake la Korogwe, na mwanangu wa mwisho ananiuliza kwa nini nimerudi mapema.